Barua ya malalamiko: mmeharibu tovuti yangu, mkanidharau nilipouliza

Lindi,
22 Septemba 2025

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Huduma za Tovuti na Masoko ya Mtandaoni,
Mtwara.

YAH: KUFUTWA KWA UKURASA WANGU, ADHABU YA GOOGLE NA LUGHA NILIYOTOLEWA OFISINI KWENU

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa mimi heshima hiyo sikuipata ofisini kwenu siku ya Jumanne, tarehe 26 Agosti 2025. Mkataba wa kuisimamia tovuti ya nyumba yangu ya wageni mnao na masharti yake mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia. Ninachotaka ukifahamu ni kilichotokea mezani kwa afisa wenu. Nilitoka Lindi kwa basi la alfajiri, zaidi ya kilomita 100, nikakaa kwenye benchi lenu tangu saa tatu hadi saa sita kasorobo, na nilipoitwa nikauliza swali moja tu: kwa nini wageni wanaonitafuta mtandaoni hawanioni tena? Afisa wenu akaandika jina kamili la nyumba yangu ya wageni kwenye kompyuta yake, likatokea la kwanza, akanigeuzia kioo na kusema, "Si hili hapa, mama?" Nikamjibu kwamba mtu anayelijua jina langu tayari ameshanipata, na nikamwomba aandike neno moja, Tendaguru, jina la kilima cha mkoa wetu kilichotoa mifupa ya dainosaria, ambalo ndilo wageni wangu huandika. Hakuliandika. Alifunga kompyuta na kuniambia mbele ya wateja wenu wanne, "Mama, haya mambo yana wenyewe. Rudi Lindi ukauze ufuta."

Mimi siuzi ufuta, na ningekuwa nauza ningekuwa na haki ileile ya kujibiwa, kwa sababu ufuta huo huo ndio uliowasomesha watoto wengi wa mkoa huu, pengine hata baadhi ya wafanyakazi wenu.

Ukurasa wa Tendaguru niliuandika mwenyewe mwaka 2019, kwa Kiswahili na Kiingereza, usiku baada ya kumaliza kazi za wageni. Nilieleza jinsi Wajerumani walivyochimba mifupa ya dainosaria katika kilima kile kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, jinsi wapagazi wetu walivyoibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na jinsi mnyama mmoja kati ya hao alivyosimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13. Nilimtaja Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye wageni wengi huwa hawajawahi kulisikia jina lake. Nilieleza pia miezi ambayo njia ya kwenda huko haipitiki, aina ya gari linalohitajika, na kwamba maji ya kunywa lazima mgeni ayabebe kutoka mjini. Watu waliomwona mnyama yule Berlin walikuwa wakirudi nyumbani wanatafuta alikotoka, wanakutana na ukurasa wangu, wanaandika barua pepe, wanakuja. Kwa hesabu ya Google Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti ni mara ngapi watu wamebofya kuingia kwake, ukurasa huo peke yake ulinipatia mibofyo 310 mwezi Februari mwaka huu, na hapo hata msimu haukuwa umeanza.

Mwezi Machi mliufuta. Hamkuniuliza. Mahali pake mliweka maandishi kuhusu Serengeti, Ngorongoro na kupanda Mlima Kilimanjaro, maandishi ambayo mpwa wangu aliyakuta neno kwa neno kwenye tovuti nyingine tatu, na ambamo maneno "hoteli bei nafuu" yanarudiwa mara 19. Mimi niko Lindi! Mkoa huu una magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo yamo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 1981, na hamkuyaandikia hata mstari mmoja. Kibaya zaidi, anwani ya ukurasa wa zamani hamkuielekeza kwenye ukurasa wowote mpya, kazi ambayo fundi anayeijua huifanya kwa dakika chache. Wasafiri walioandika habari zangu miaka iliyopita wakaweka kiungo, yaani maneno ya kubofya yanayomleta msomaji kwenye tovuti yangu, leo viungo vyao vyote vinampeleka msomaji kwenye maneno "ukurasa haupatikani". Viungo hivyo sikuvinunua. Nilivipata kwa chai ya asubuhi na kwa kuwapokea watu vizuri.

Badala yake mlininunulia vingine. Tarehe 14 Julai Google ilituma taarifa kwamba tovuti yangu imeadhibiwa kwa viungo visivyo vya asili, na adhabu hiyo huwekwa na mkaguzi ambaye ni binadamu, baada ya kuangalia. Mpwa wangu alipovifuatilia alikuta vingi vinatoka kwenye tovuti za kamari na za kukopesha fedha, zilizoandikwa kwa lugha ambazo hakuna anayezisoma hapa Lindi. Google wanakataza waziwazi kununua viungo ili kupanda katika matokeo. Wameandika pia kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza. Ninyi mlinihakikishia nafasi hiyo kwa maandishi, katika kifurushi chenu cha dhahabu, ndani ya siku 90. Mwezi Agosti nilipata mibofyo 22 kwa tovuti nzima.

Barabara ilipokatika Somanga mwezi Mei 2024, wageni hawakuja, lakini nilijua kilichowazuia na nilijua kuna watu kazini wanaitengeneza. Safari hii njia imekatwa na watu niliowalipa.

Naomba nirudi nyuma hadi mwezi Juni, kwa sababu jambo hili linaniuma na sikupata nafasi ya kulisema siku ile. Kwenye ramani ya Google palitokea maoni 14 ya nyota tano kuhusu nyumba yangu, yote katika wiki moja, yote ya watu ambao hawajawahi kulala kwangu. Mawili yalisifia bwawa la kuogelea. Ilikuja familia kutoka Mwanza, baba, mama na watoto watatu, na yule mdogo kabisa alishuka kwenye gari akiwa ameshavaa miwani ya kuogelea, akazunguka nyumba nzima kisha akarudi kuniuliza, "Bibi, bwawa liko wapi?" Sina bwawa. Niliwarudishia fedha zao za usiku wa pili bila wao kudai, na baba wa watoto wale alinitazama kama mtu anavyomtazama tapeli. Miaka kumi na moja nimefanya kazi hii, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nimetazamwa hivyo.

Hayo yote ndiyo niliyokuja nayo siku ile yakiwa yameandikwa kwenye daftari, tarehe kwa tarehe na mibofyo mwezi kwa mwezi. Katika maelezo yangu ya mwanzo sikulitaja daftari. Nililifungua mezani ili afisa wenu aone kwamba sikuja kubahatisha. Hakulisoma. Alilisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka likafika ukingoni upande wangu, akafunga kompyuta, na ndipo akasema maneno yale ya kurudi Lindi kuuza ufuta. Kijana mmoja kwenye benchi alicheka. Msimamizi wenu alikuwa amesimama mlangoni, alisikia kila neno, akaingia ndani. Mimi ni mtu mzima, nina umri wa kumzaa afisa yule, na niliokota daftari langu lililokuwa linaanguka nikatoka bila hata kuambiwa "pole" au "karibu tena". Mkoba wa kompyuta ile na fulana aliyovaa, yenye nembo yenu, vimelipiwa na watu kama mimi.

Nilipokuja tarehe 26 Agosti nilitaka mambo mawili tu: ukurasa wangu urudishwe, na ada ya miezi mitatu ya mwisho, yaani shilingi 900,000, nirejeshewe. Hayo yangeniridhisha na tungeachana salama. Sasa hayanitoshi. Nataka nirudishiwe fedha zote, shilingi 450,000 za kuanzia na 300,000 za kila mwezi kwa miezi sita, jumla shilingi 2,250,000. Nataka jina la tovuti, ambalo mlilihamishia kwenye akaunti yenu mkisema ni kwa ajili ya usalama, lirudi kwa jina langu pamoja na nywila zote. Nataka orodha kamili ya viungo mlivyonunua, kwa sababu bila orodha hiyo siwezi kuviondoa vyote na kuomba Google wanikague upya. Nataka maoni yote 14 ya uongo yafutwe na hao walioyaandika. Na nataka barua ya kuniomba radhi, isainiwe na wewe Meneja na afisa yule, itakayobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi hiyo hiyo ambamo nilidhalilishwa.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila majibu, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na ahadi yenu ya nafasi ya kwanza ninayo ikiwa na muhuri wenu. Suala la jina la tovuti nitalifikisha TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Nililipa mara saba na sikupewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hata mara moja, kila mara nikiambiwa mashine ni mbovu. Miamala yote imo kwenye simu yangu, na ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) Mtwara haiko mbali na kwenu. Baada ya hapo nitafungua kesi, na nitadai pia wageni wote niliowakosa tangu Machi.

Nitakuja kuchukua majibu mwenyewe. Nitakaa kwenye benchi lile lile, na daftari langu nitakuwa nalo.

Wako,

Mmiliki wa nyumba ya wageni na huduma za watalii,
Lindi Mjini.

Nakala: Mwanasheria wangu, Lindi.