Mwandishi wenu alikuwa amelala

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu enzi zile lilipokuwa likitufikia Marsabit limeshapitwa na habari, na sijawahi kuwaandikia hata mara moja. Nilinyamaza mlipoihamishia Kalacha kaunti ya Turkana. Nilinyamaza mlipochapa picha ya mbuni wetu wa Kisomali, shingo ya buluu ile, mkasema ni wa Maasai Mara. Lakini ile makala ya safari ya Chalbi, yenye picha ya gurudumu lililozama mchangani, imenishinda. Eti mwandishi alivuka jangwa lote asione kiumbe hai.

Gari alilopanda lilikuwa langu, na usukani nilishika mimi.

Tulipopita Bubisa, kwenye yale mawe meusi ya Dida Galgalu, nilimgusa bega nimwonyeshe kipozamataza wa Williams, ametua juu ya jiwe. Ndege huyo hapatikani popote duniani isipokuwa kaskazini mwa Kenya. Watu hutoka Uholanzi na Uingereza kwa ajili yake, na wakimwona hukumbatiana. Bwana wenu alifumbua jicho moja, akauliza kama tumefika, akashusha kofia usoni.

Kesho yake, pale Kalacha, ndipo subira iliponiishia. Ilikuwa saa mbili na kitu asubuhi, wakati ambao firigogo, ndege wa jangwani wanaofanana na njiwa, huja kunywa chemchemini. Huja makundi kwa makundi, unawasikia kabla hujawaona. Majike hunywa upesi wakaondoka. Dume mwenye vifaranga habanduki: huingia majini mpaka tumboni, hufumua manyoya ya tumbo, hujitikisa huku na huko kama mtu anayesuuza nguo, mpaka manyoya yashike maji, kisha huruka nayo kilomita na kilomita kuwapelekea vifaranga wanyonye kwenye manyoya hayo. Mwingereza mmoja, Meade-Waldo, aliliandika jambo hili mwaka 1896, wataalamu wakambishia miaka nenda miaka rudi, mpaka wenzao wawili walipokwenda kuchunguza Kalahari na kulithibitisha mwaka 1967. Mchungaji yeyote wa Kigabra angewaambia bure. Basi dume mmoja alikuwa katikati ya kazi hiyo, hatua chache tu kutoka nilipochuchumaa na darubini, na mwandishi wenu yuko ndani ya gari, vioo vimepandishwa, anahangaika na mtandao. Alipoona nachelewa, akapiga honi! Chemchemi nzima ikaruka. Ndipo akaandika kwamba hakuna kitu.

Na hao ni wenyeji tu, sijagusa wageni. Kuanzia Septemba hutujia ndege kutoka Ulaya na Asia, wengine wana uzito wa gramu kumi hivi, wameshavuka Sahara, zaidi ya kilomita 1,500 za mchanga na mawe. Kabla ya kuondoka hula mpaka baadhi yao uzito ukaribie kuongezeka maradufu, kwa sababu mafuta ya mwilini ndiyo petroli yao. Wanaovuka kutoka Ulaya kuja Afrika kila mwaka wanakadiriwa kuwa zaidi ya bilioni mbili. Wale wanaonaswa na kuvishwa pete mguuni ili safari zao zifuatiliwe, huko Ngulia, Tsavo Magharibi, kazi iliyoanza mwaka 1969, wametokea upande wetu wa kaskazini kupitia Ethiopia. Ngulia mnaiandika kila mara. Kuna hoteli, nadhani.

Mtasema ni ndege tu. Haya, lakini mahali mkishapatangaza kuwa hapana kitu, nani atauliza mtu anapokuja kupachika chochote? Huko Rajasthan, India, nyaya za umeme wa jua na upepo zimepita jangwani na kuwaua tandawala wakubwa, ndege wazito wa nyikani, mpaka wakabaki wa kuhesabika. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya India iliamuru nyaya zizikwe ardhini, mwaka 2024 ikalegeza. Sisi hapa tuna mitambo 365 ya upepo karibu na Loiyangalani, na umeme wake huenda mpaka Suswa juu kwa juu. Tandawala wetu wamo humo humo. Siwapingi wanaotaka umeme, hata mimi nautaka, tena naungoja.

Nikiwa bado na kalamu mkononi: kuna kituo cha televisheni ambacho mtangazaji wake wa hali ya hewa husimama mbele ya Marsabit kila usiku. Kisumu mvua, Mombasa jua, Marsabit koti. Asogee kidogo tu, kushoto kuna Uganda.

Kuhusu makala, sitaki mniombe radhi kwa mistari miwili ukurasa wa matangazo ya vifo. Mrudisheni yule bwana. Akae chini ya mkoma pale Kalacha kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, simu yake nitaishika mimi, na ufunguo wa gari pia ili asifikie honi. Aandike kila atakachokiona, hata kama ni mavi ya ngamia. Mafuta ya gari nitalipa. Kahawa ajibebee, maana nadhani ndiyo aliyoikosa safari ile.

Dereva wa magari ya kukodi,
Marsabit