Kwa mdogo wangu unayeandaa tovuti ya picha alizochora baba yako

Mdogo wangu,

Tangu matanga hatujapigiana simu, basi salamu zipokee hapa. Mama yako hajambo, ni goti tu linamsumbua. Kurasa zako dada amenionyesha. Umefanya kazi, na nilifurahi kuliona jina la baba mdogo juu kabisa kwa herufi kubwa. Kisha nikashuka chini.

Picha ya kwanza, ile ya ndege kanga, umeiandikia: "Tingatinga, rangi juu ya ubao, zamani." Basi. Edward Saidi Tingatinga, ambaye mtindo huu wa uchoraji umepewa jina lake, alitoka Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Kanga yule si wake. Mnunuzi anaweza kusema amenunua Tingatinga akaenda zake. Mtoto wa mchoraji hawezi. Kila picha iandike jina la baba yako, mwaka kama upo nyuma ya ubao, vipimo kwa sentimita, na kwamba ni rangi ya mafuta, ile ile inayopakwa baiskeli, juu ya hadibodi.

Rangi ile ikikauka inang'aa kama kioo. Ndiyo maana flashi yako imefuta kichwa cha kanga kwa doa jeupe, na ukitazama vizuri pembeni unaonekana wewe na simu yako, na kiwiko cha mama yako.

Siku ile siwezi kuisahau. Khitma imekwisha, masufuria bado hayajaoshwa, wewe umezipanga mbao kitandani kwa sababu ndege yako ni usiku. Ukamuuliza mama, hii aliichora lini? Akakaa, akajitanda khanga vizuri, akaanza kusimulia: mteja aliitaka asubuhi, baba yako macho yamechoka, madoa meupe akayatia yeye mama, moja moja, kwa njiti ya kiberiti, kibatari kikiwaka mpaka alfajiri, na mteja mwenyewe hakurudi. Hajafika hata katikati ukamwambia, "Mama, kwa kifupi tu." Akakutazama. Akasema, "Zamani." Nawe ukaandika hivyo hivyo, zamani. Hilo sijakusamehe.

Picha zirudiwe. Asubuhi, kivulini, ubao umesimama wima, simu usawa wa katikati, kingo zote nne ziingie. Piga na nyuma, maana penseli ya baba yako iko kule. Picha kubwa zitunze kwako, za kwenye tovuti zipunguze uzito. Shangazi hununua bando la siku, asimalize lote kwa twiga mmoja. Na maelezo usiyapime kwa rula. Wale twiga wa watalii, ambao baba mdogo mwenyewe aliwaita kodi ya nyumba, mstari mmoja unawatosha. Kanga mpe ukurasa mzima.

Unawaambia ndugu kwamba nimezifungia mbao. Ndiyo, nimezifungia. Nani alizitoa majini paa lilipovuja? Nani alimtoa nje yule mfanyabiashara aliyekuja kutaja bei ya kuzichapa kwenye fulana, mjane hajamaliza eda? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mchoraji hata baada ya kufa kwake, na warithi wake ni mama yako na nyinyi watoto. Mimi ni mtunzaji. Sijauza hata moja, na ufunguo wa kabati sikuuomba: baba yako alinipa mkononi, na wewe ulikuwepo, unajua alisema nini. Msomaji usiyetujua niwie radhi, haya ni ya nyumbani, lakini amenisema mbele za watu.

Najua unampenda baba yako. Usingekesha na kurasa hizi baada ya zamu zako za kazi kama humpendi. Ila yule aliyekaa naye kwenye kibatari bado yuko hai, na anapenda kuulizwa.

Mpigie mama baada ya isha, akiwa amekwisha kula. Washa kinasa sauti, muulize tena habari ya kanga, umwache aseme mpaka amalize. Andika kwa maneno yake, na jina lake likae chini ya picha pamoja na la baba yako. Ukinitumia maandishi hayo, nazitoa mbao zote uani na kuzipiga picha upya mimi mwenyewe. Vipimo usihangaike navyo, futikamba ninayo.