Barua kwa wanachuo wapangaji wangu, kuhusu yale makopo kwenye pipa

Wajukuu zangu mnaokaa Changanyikeni, wa kwangu na wa nyumba za jirani, marahaba. Nawaandikia humu habari ya kisukari, maana mkiniona koridoni mnadhani nadai kodi, mnapita chap.

Kila Jumamosi mimi ndo natoa taka nje kusubiri gari. Sichunguzi maisha ya mtu ila pipa linajisema lenyewe, chupa za soda, makopo ya enaji, mifuko ya zege, yaani chipsi mayai, imelowa mafuta. Juzi nikakaa kwenye ngazi nikavaa miwani nikasoma nyuma ya chupa moja, gramu kumi na ushee za sukari kwa kila mililita 100, na chupa yenyewe ya 350, pigeni hesabu nyie ndo wasomi, mimi nilipata kama vijiko tisa vya chai. Mtu akinikorogea chai ya vijiko tisa ntamuuliza nimemkosea nini, ila nyie mnashusha mbili usiku mmoja mkisomea test.

Najua mtasema kisukari ni cha wazee wenye vitambi na hela. Na mimi nilijua hivyo hivyo. Baba yangu alikuwa nacho, tulivyokuwa wadogo tukiona sisimizi wamejaa pale anapokojoa nyuma ya nyumba tunacheka tu. Mimi nimegundulika na miaka 41, tena nilienda kupima macho, nilikuwa mwalimu na maandishi ubaoni yakaanza kunichezea, daktari akaniambia mzee hii imeanza miaka mingi. Miaka hiyo mingi nilikuwa nacheza mpira jamani, siumwi hata kichwa.

Kwa hiyo naongea hasa na wewe ambaye kwenu baba ana sukari, au mama, au mama alipandisha sukari akiwa na mimba yako. Na kuna kijana mmoja hapa simtaji, namwona bombani anasugua shingo kwa dodoki mpaka inachubuka, kwenye mikunjo peusi kama masizi. Mjukuu wangu ule sio uchafu. Mara nyingi ni mwili umeanza kuigomea insulini, ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari kwenye damu, basi kongosho linatoa nyingi zaidi ili lisikike na ngozi ndo inaonyesha. Dodoki utamaliza sokoni, kapime.

Kupima kwenyewe ni asubuhi hujala kitu. Mashine ikisoma chini ya 5.6 (kwa mmol/L) uko sawa, 7 kwenda juu na ikarudiwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo ndo kisukari. Ila hapo katikati ndo pamenifanya niandike yote haya, maana hapo hausikii chochote na hapo ndo panarudika. Wamarekani walifuatilia watu zaidi ya 3,000 wa hapo katikati, wanene wanene, majibu yakatoka 2002, waliopewa kazi ya kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, waliopewa metformin, vidonge vya kisukari, ikashuka 31 tu. Miguu imeishinda dawa! Na nyie mnapanda boda mpaka getini.

Sisemi muache wali, mi mwenyewe siwezi. Wali maharage na mchicha wa pale kwa mama ntilie unakaa tumboni na haumalizi bumu, hela yenu ya mkopo, kama hiyo chipsi mayai ya saa saba usiku. Embe litafune, usilisage ukaliongezea sukari. Kiu inywe maji, na ukijiona unakunywa sana unakojoa sana na unakonda bila sababu hapo usisubiri hata kesho, kimbia hospitali.

Afu yule mwenzenu anayejichoma insulini tangu mdogo muacheni kumtania, yake ni aina ya kwanza, haikuletwa na soda wala uvivu.

Mashine yangu ipo sebuleni. Jumamosi kabla ya chai njooni, kila mtu na kisindano chake kipya kutoka duka la dawa, hatuchangii. Ikisoma juu tunaenda wote zahanati wapime vizuri, maana hii ya kwangu ni ya kuangalizia. Chumba namba nne na nyie mje, hela ya maji tutaongea siku nyingine.