Kwa nini chipsi za oveni hutoka laini

Wateja wanaonunua viazi kwetu hutuuliza mara kwa mara: chipsi za oveni zimelegea, tatizo ni viazi au oveni? Mara nyingi tatizo ni maji. Mafuta ya moto hukausha uso wa kiazi kwa dakika chache, lakini hewa ya oveni hufanya kazi hiyo polepole. Unyevu ukibaki, chipsi zinaiva kwa mvuke na hazipati ganda.

Kiazi chenyewe kina sehemu yake. Viazi mviringo vinavyotoka Njombe na Mbeya ni vya aina nyingi, na vinavyofaa chipsi ni vyenye wanga mwingi. Kuvipima ni rahisi: koroga kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, kisha tumbukiza kiazi. Chenye wanga mwingi huzama. Kinachoelea kina maji mengi, kipeleke kwenye mchuzi. Dukani tuambie tu kwamba unataka vya chipsi, tutakuchagulia.

Na tafadhali, usiviweke kwenye friji! Baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari huungua kabla kiazi hakijaiva. Chipsi zinakuwa nyeusi na chungu, tena akrilamaidi huongezeka, kemikali yenye madhara ambayo watafiti wa Sweden walitangaza mwaka 2002 kuwa imo kwenye vyakula vya wanga vilivyokaangwa au kuokwa. Kapu lililo gizani, penye hewa, linatosha.

Kwa kilo 1, kata vipande vya unene wa sentimita 1 vinavyolingana, la sivyo vyembamba vitaungua vinene vikiwa vibichi. Osha mpaka maji yawe angavu. Chemsha dakika 5 kwenye maji yenye kijiko kikubwa 1 cha siki kwa kila lita. Siki huzuia vipande kuvunjika. Chuja, viache vitoe mvuke dakika 5, kisha vikaushe kwa taulo safi. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo inayoleta ganda.

Washa oveni nyuzi 220 (yenye feni, 200) dakika 15 kabla, trei ikiwa ndani. Pakaza vipande vijiko vikubwa 3 vya mafuta ya alizeti, uvimwage kwenye trei ya moto, safu moja, visigusane. Kilo 1 inahitaji trei mbili. Oka dakika 20, geuza, oka tena 10 hadi 15 mpaka ziwe rangi ya dhahabu.

Oveni ndogo za mezani mara nyingi hazifikii joto linaloonyeshwa kwenye kitufe. Washa waya za juu na za chini, uoke nusu kilo kwa mara moja.

Chumvi ni mwisho, zikishatoka. Ukiitia mapema huvuta maji nje. Andaa kwenye sahani ya wazi, kwa sababu ndani ya hotpoti zitalainika upya kwa mvuke wake zenyewe.