Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kulihifadhi Gereza la Kale Kidijitali

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa mwaka ambao nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye kazi moja, yaani kulihifadhi gereza letu la kale kidijitali kabla unyevu haujazila kuta zake. Upimaji kwa mashine ya leza umekamilika katika jengo kuu, uani na kwenye minara ya ulinzi, hivyo fundi atakayelikarabati jengo siku zijazo atakuwa na vipimo vyake kamili hata ukuta ukibomoka.

Seli ndizo zilizochukua muda mrefu zaidi, na kwa maoni yangu zilistahili. Lipu yake imejaa alama zilizochongwa kwa msumari au mpini wa kijiko: majina, tarehe, na mistari ya kuhesabia siku, iliyokatwa mitano mitano. Nyingi hazionekani kwa mwanga wa kawaida. Mpiga picha aliiacha kamera mahali pamoja akawa anahamisha taa ubavuni mwa ukuta, na kila kivuli kilipoingia kwenye mkwaruzo, herufi nyingine ilijitokeza.

Hata hivyo, umbo la jengo bila sauti za waliofungwa humo ni kazi nusu. Katika Robben Island, Afrika Kusini, ambako wafungwa wa mwisho waliondoka mwaka 1996 na kisiwa kikaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1999, wafungwa wa zamani ndio wamekuwa wakiwaongoza wageni. Kwa kufuata mfano huo, kamati imeanza kurekodi ushuhuda wa wafungwa na askari wa zamani, maana umri wao hauturuhusu kuahirisha.

Mafaili yote yamehifadhiwa katika nakala tatu, moja ikiwa mbali na jengo, nazo zitakaguliwa kila mwaka, kwa kuwa diski nayo huharibika.

Limebaki suala la daftari la kuandikishia wafungwa, ambalo limeshapigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Humo mna majina na makosa ya watu ambao watoto wao wangali hai, na baadhi ya familia zimetuomba tusiyatangaze. Naona ombi hilo ni la haki. Kamati inapendekeza kurasa hizo zifungwe kwa umma na zisomwe na watafiti kwa kibali, na kwamba kila aliyetoa ushuhuda awe na haki ya kuuondoa wakati wowote. Naomba mkutano huu uyajadili mapendekezo hayo na kuyapigia kura.