Si Ndege Wote Wanaokimbia Theluji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe jambo moja lililoandikwa hivi karibuni katika makala kuhusu ndege wahamao, ambamo mwandishi alieleza kwamba majira ya baridi yakiingia nchi za kaskazini ndege wote huondoka, wakabaki kunguru na njiwa tu. Ni kweli kwamba mbayuwayu na korongo weupe wa Ulaya hutujia Afrika Mashariki kila mwaka, na pengine ndiyo maana tukadhani wenzao wote hufanya hivyo. Lakini mimi naishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, na nirudipo kutoka zamu ya usiku mwezi Januari, theluji ikiwa imefunika vifundo vya miguu, wa kwanza kunipokea uani ni shomoro.

Nasema shomoro, ingawa neno hilo halitoshi. Kiswahili kina shomoro na jurawa, nasi huyatumia yote mawili kwa karibu kila ndege mdogo wa rangi ya udongo. Yule wa majumbani, ambaye dume lake lina kidevu cheusi, ndiye huyo huyo anayeonekana Mombasa na Unguja. Huku aliletwa kutoka Ulaya, akaachiwa Brooklyn mwanzoni mwa miaka ya 1850, akaenea nchi nzima, na wapenzi wa ndege hawajamsamehe kwa kuwapokonya wengine matundu ya kutagia. Shomoro wa asili wa Marekani ni wa ukoo mwingine kabisa. Yupo mmoja mwenye utosi wa rangi ya kutu na doa jeusi katikati ya kifua, ambaye huzaliana kaskazini ya mbali, Kanada na Alaska, kisha hushuka kwetu kuanzia Novemba. Baridi hii tunayoilalamikia ndiyo nafuu aliyoifuata. Yupo pia junko, mgongo wa kijivu na tumbo jeupe, ambaye akiruka huonyesha manyoya meupe pembeni mwa mkia. Hawa hupenda kula chini, kwa hiyo mimi humwaga nafaka ndogo za jamii ya ulezi kwenye sehemu niliyokwangua theluji, badala ya kuzitundika.

Wanaotaka kutazama kwa manufaa wana mpango wa kuhesabu ndege wanaokuja kula nafaka majumbani, uitwao Project FeederWatch, ulioanzia Ontario, Kanada, mwaka 1976, na ambao huendeshwa kuanzia Novemba hadi mwisho wa Aprili. Kanuni yake kuu ni kwamba katika siku mbili mfululizo za kutazama, mtu huandika idadi kubwa kabisa ya ndege wa aina moja aliowaona kwa wakati mmoja, wala hajumlishi asubuhi na jioni, kwa sababu shomoro yule yule anaweza kurudi mara ishirini. Mwaka wangu wa kwanza nilijumlisha, nikajipatia kundi ambalo uani kwangu lisingeenea.

Jambo ambalo ningependa mwandishi wako alizingatie zaidi lilitokea katika mji huu huu. Margaret Morse Nice, mama wa watoto kadhaa asiyekuwa na kazi ya chuo kikuu, alianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwavisha pete za rangi miguuni shomoro waimbaji, aina nyingine ya shomoro wa asili wa huku, waliokuwa kando ya mto Olentangy, karibu na nyumba yake, ili amtambue kila mmoja kivyake. Utafiti huo, uliochapishwa kwa juzuu mbili, mwaka 1937 na 1943, ulionyesha kwamba hata ndani ya aina hiyo moja, katika eneo lile lile, wengine walihama na wengine walibaki mwaka mzima. Basi kauli ya kwamba ndege fulani “huhama” au “hahami” inahitaji tahadhari hata kwa aina moja, sembuse kwa ndege wote wa nchi za kaskazini.

Shomoro mwimbaji huanza kuimba uani kwangu Februari, theluji ikiwa bado haijayeyuka. Yule mwenye doa kifuani hatoi taarifa: ikifika Aprili, asubuhi moja nafaka hubaki chini bila kuguswa, nami huandika sufuri kwenye safu yake.

Msomaji wako,
Columbus, Ohio