Konekta ziuzwe kwa kipande hapa Lubumbashi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wafanyabiashara wa vipuri na mafundi wenzangu wa elektroniki wa Lubumbashi juu ya kitu kidogo kinachoacha mashini nyingi zikikaa bure, yaani konekta, kile kiungo cha plastiki chenye pini kinachounganisha waya na bodi ya mashini. Mtu akihitaji transista, kapasita au fyuzi, atazunguka soko la mtaa wetu wa Kenya na maduka ya mjini na mara nyingi atapata. Akihitaji konekta ya pini 6 ambayo pini zake zimeachana kwa milimita 2, ataambiwa haipo, au ataonyeshwa nyingine inayofanana nayo kwa macho tu.

Chanzo cha shida hii kiko kiwandani. Pini za ndani ya konekta hazitengenezwi moja moja. Hupigwa kutoka kwenye ukanda mwembamba wa madini, kisha ukanda huo huzungushwa kwenye rola, na rola moja ya pini za aina ya XH za kampuni ya JST ya Japani hubeba pini 8,000. Kiwanda kinachounda redio na televisheni kitaimaliza rola hiyo haraka, lakini fundi wa mtaa wa Katuba hataimaliza hata akizeeka kazini. Ni kweli kwamba wauzaji wakubwa kama Digi-Key na Mouser wa Marekani, au Farnell wa Uingereza, hukata ukanda na kuuza vipande vichache, na kwa hilo wanastahili shukrani. Hata hivyo, gharama ya kusafirisha pini 10 hadi hapa kwetu inakaribia sana ile ya kusafirisha pini 500, hivyo kitu cha senti chache kinatufikia kwa makumi ya dola, na mteja anakata tamaa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapochukua njia ya mkato: tunakata konekta iliyovunjika na kulehemu waya moja kwa moja kwenye bodi. Kwa redio ya nyumbani pengine si neno. Lakini niliwahi kuitwa katika kituo kimoja cha afya kutazama mashini ya kuzalisha oksijeni iliyokuwa imetengenezwa kwa njia hiyo. Konekta ya pini 4 ilikuwa imeondolewa na waya zake kulehemiwa, na waya mmoja ulikuwa umekatika pale pale lehemu ilipoishia. Si ajabu, kwa sababu lehemu ikiyeyuka hupanda ndani ya nyuzi za waya na kuzikaza, na kompresa ya mashini ile hutikisika muda wote inapofanya kazi, hivyo waya hupinda mahali pamoja mpaka unachoka. Pini iliyobanwa vizuri kwa koleo lake ina mabawa ya aina mbili: ya mbele hushika shaba, ya nyuma hushika ganda la waya, na hayo ya nyuma ndiyo yanayopokea mtikisiko. Koleo la kawaida haliwezi kuyakunja yote mawili inavyotakiwa. Mimi naona ni afadhali mgonjwa aazimiwe mashini nyingine kwa muda kuliko kurudishiwa ile ambayo fundi mwenyewe hawezi kuidhamini.

Sehemu nyingine ya tatizo iko mikononi mwetu sisi mafundi, kwa kuwa tunaagiza bila kupima. Konekta zenye nafasi ya milimita 2.50 na zile za milimita 2.54 huwezi kuzitofautisha kwa jicho. Kwenye pini 3 zitaingiliana bila taabu. Kwenye pini 20 tofauti inafika milimita 0.76, nazo zitagoma kuingia, au zitaingia kwa nguvu na kupasua bodi. Anayepima asipime pengo moja. Apime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho, kisha agawanye kwa idadi ya mapengo, ambayo ni pungufu kwa moja kuliko idadi ya pini. Aandike pia kama pini zimepakwa dhahabu au bati, maana dhahabu ikikutana na bati mahali penye mtikisiko, mguso huota kutu taratibu na hitilafu huja na kuondoka bila kuonekana. Tena aangalie mkondo wa umeme: aina ya PH ya kampuni hiyo hiyo ya JST imepangiwa ampea 2, XH ampea 3, na VH ampea 10, kwa hiyo ukubwa wa plastiki peke yake usimdanganye mtu.

Ninachopendekeza ni mafundi wa Kampemba, Kenya, Katuba na Ruashi waagize pamoja, mara moja kwa mwezi, kupitia duka moja litakalokubali kuuza kwa kipande. Aina kumi au kumi na tano za konekta zinatosha kuanzia, pamoja na koleo moja zuri la kubania, ambalo ni ghali kwa mtu mmoja lakini si ghali kwa watu ishirini wanaolitumia kwa zamu. Bodi zilizokufa nazo zisiharakishwe kupelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Konekta za zamani ambazo viwanda vimeacha kuzitengeneza mara nyingi hupatikana humo tu, na hutoka salama kwa hewa moto iwapo fundi ana subira.

Kwa upande wa forodha, hasa kwa mizigo inayopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kifurushi kilichoandikwa "vipuri" tu huzua maswali na kuchelewa. Muuzaji aombwe aandike namba ya ushuru 8536, inayohusu plagi, soketi na vifaa vya kuunganishia umeme usiozidi volti 1,000, pamoja na idadi na bei halisi. Nasi tunawaomba maofisa watuwekee utaratibu mwepesi kwa vifurushi vidogo vya namna hii.

Limebaki suala la fedha, ambalo limevunja vyama vingi vya mafundi kabla ya hiki. Kila mmoja alipe kabla ya oda kutumwa na apewe risiti. Ankara ya muuzaji wa nje ibandikwe dukani mahali pa wazi. Na faida ya mwenye duka ikubaliwe mapema, mbele ya wote. Mwenye duka aliye tayari kwa masharti hayo namwomba ajitokeze kupitia gazeti hili.

Wako,
Fundi wa elektroniki,
Kampemba, Lubumbashi